Windows, Linux na Mac mbele ya vifaa vya steshenari yangu

Skana niliyoachiwa na mjomba ilikaa juu ya kabati miaka saba, imefunikwa kitenge isiingie vumbi. Haikuwa mbovu. Kioo chake hakina mkwaruzo, waya wake wa USB ni uleule uliotoka nao kwenye boksi mwaka 2004, na mjomba aliitumia kwenye studio yake ya picha hapa Morogoro mpaka alipofunga biashara. Ilipandishwa kabatini kwa sababu kompyuta pekee iliyokuwa inaielewa ilikufa, na kila iliyofuata ilisema haikijui kifaa hicho. Novemba mwaka jana niliishusha. Habari yake inakuja.

Kilichonisukuma ni Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kuihudumia, na wiki hiyohiyo wateja wakaanza kuingia na laptopu mkononi: "Dada, hii imeniandikia haifai kwa Windows 11, ndiyo imekufa?" Nina steshenari ndogo Kihonda. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, nawajazia wanafunzi fomu za mkopo, na nyuma ya pazia kuna meza ya ufundi. Mashine zangu zote ni za mtumba, kwa hiyo swali la wateja lilikuwa langu pia, na sikutaka kulijibu kwa maneno ya kuokota. Kwa wiki tatu, kila jioni baada ya kufunga, nilichukua mashine mojamoja, nikachomeka kila kifaa kilichomo dukani na kuandika kwenye daftari: kimeonekana au hakikuonekana, kimefanya kazi yote au nusu.

Mashine zilikuwa HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T480, deskitopu ya Dell OptiPlex 7010, MacBook Air ya M1 ya mdogo wangu, na MacBook Pro ya mwaka 2012 ambayo mteja aliniachia nimwangalizie betri na akaniruhusu kuitumia. Mifumo: Windows 11, Linux Mint 22 (Mint ni mojawapo ya aina nyingi za Linux), macOS ya Apple, na kwa siku mbili tu ChromeOS Flex, mfumo wa Google unaoegemea kivinjari. Vifaa: printa ya wino wa chupa, printa ndogo ya leza, skana ya mjomba, modemu ya 3G, vidude viwili vya Wi-Fi vya USB, kamera ya kuchomeka, kisoma msimbopau, na printa ya risiti ile ya karatasi ya joto.

Niseme kwanza draiva ni nini, kwa sababu wateja wengi hulisikia neno hili siku ya matatizo tu. Kila kifaa unachochomeka kina namba mbili: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kifaa chenyewe. Kwenye Linux ukifungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ukaandika lsusb, utaziona namba hizo kwa vifaa vyote vya USB. Lspci inakuonyesha vilivyo ndani ya mashine. Intel walijipatia 8086, namba ya prosesa yao ya mwaka 1978, na mimi nikiiona hiyo kwenye mstari wa Wi-Fi moyo unatulia. Mfumo unasoma namba, kisha unamtafuta mkalimani anayekijua kifaa hicho. Mkalimani huyo ndiye draiva. Mifumo yote inaanza hivyo. Inapotengana ni kwenye kujua mkalimani anakaa wapi, nani anamlisha, na ataachishwa kazi lini.

Kwenye Windows, mkalimani mara nyingi ni mwajiriwa wa kampuni iliyotengeneza kifaa. Kampuni ikiona kifaa kimezeeka, inaacha kuandika draiva mpya, na Windows ikibadilika sana unabaki na kifaa kizima kisicho na mtu wa kukisemea. Kwenye Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe, zinatunzwa na watu wa Linux pamoja na kampuni zinazojitolea, na haziondolewi kwa sababu tu kampuni imehamia kwenye bidhaa mpya. Kwenye Mac, Apple wanatengeneza mashine na mfumo kwa pamoja, hivyo kila kitu cha ndani kinajulikana. Cha nje kinategemea kama kinazungumza lugha ambayo Apple wameikubali.

Na kuna vifaa ambavyo havihitaji mkalimani wake mwenyewe, kwa sababu vinafuata lugha ya pamoja. Kisoma msimbopau changu kinajitambulisha kama kibodi: unamulika bidhaa, namba zinajichapa zenyewe. Kilifanya kazi kwenye mifumo yote minne, sekunde ileile nilipokichomeka. Kamera vilevile, maana kamera nyingi za USB siku hizi zinafuata kiwango kimoja cha video, na Linux imekuwa na draiva ya kiwango hicho tangu 2008. Kwa hivi sina la kuongeza. Ukinunua kifaa cha namna hii, mfumo wowote utakufaa.

Twende kwenye Windows 11, ndiyo inayoulizwa zaidi. Masharti yake yameandikwa wazi: ram ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, kinga ya wakati wa kuwaka iitwayo Secure Boot, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Ni kwenye hiyo orodha ndipo mashine nyingi za mtumba zinaponasa. Kwa Intel, ukiacha prosesa chache sana, orodha inaanzia kizazi cha nane. EliteBook yangu ina i5-6300U, ram ya GB 8 na SSD, na kazi za dukani inazifanya bila kuhema. Ile 6 iliyo baada ya kistari, tarakimu inayotaja kizazi, ndiyo iliyoifungia mlango. T480 ina i5-8350U, ikapita bila swali. Ukiziweka mezani pamoja, mtu asiyejua hawezi kukwambia ipi inakubalika na ipi haikubaliki. Mimi zilinitofautia karibu laki mbili kwa bei, na laki mbili hizo ni za tarakimu moja. Siku hizi mteja anayeniuliza anunue laptopu gani ya mtumba namwambia asome kibandiko cha prosesa kabla hajaangalia wembamba wala rangi.

Najua mafundi wanaoipitisha Windows 11 kwa njia za panya. Flashi ikitengenezwa kwa programu ya Rufus unaweza kuyaruka masharti, na mashine inawaka vizuri tu. Kwa mashine ya mteja mimi sifanyi. Microsoft wameshasema kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na mteja wangu wa Dumila hawezi kupanda basi kila mara mashine inapokataa sasisho. Zile za Core 2 Duo ndizo zisizo na njia kabisa: tangu toleo la 24H2, Windows 11 inatumia amri za prosesa ambazo hazimo ndani ya Core 2 Duo, kwa hiyo haiwaki. Aliyebaki kwenye Windows 10 anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa akikubali kuunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Mashine yangu nyingine moja iko kwenye mpango huo.

Sasa niitendee haki. Ukishaingia ndani ya Windows 11, kwa vifaa vipya hakuna anayeigusa. Boksi lolote la printa utakalonunua Kariakoo limeandikwa Windows, hata kama halijaandikwa kitu kingine. Printa yangu ya wino wa chupa niliichomeka kwenye T480, ikatulia kama dakika moja, ikajisakinisha. Nikapata kila kitu: kuprinti, kuskani, kiwango cha wino, na kusafisha hedi, ile sehemu inayonyunyizia wino. Hicho cha mwisho kwa steshenari si cha anasa. Msimu wa fomu ukiingia, printa ikianza kuacha mistari myeupe katikati ya picha ya mtu, unataka kubofya mara moja isafishe hedi, si kusimama na foleni mbele yako ukibonyeza vitufe vya printa kwa mafumbo.

Kwenye Mint printa hiyohiyo iliprinti, lakini baada ya mimi kwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji kuchukua draiva yake ya Linux. Skana yake ilionekana bila kuombwa. Kusafisha hedi nilifanya kwa vitufe. Ile ya leza ndiyo ilinichosha. Mint iliitambua, ikaandika jina lake sawasawa, nikatuma karatasi ya majaribio, kimya. Taa inapepesa, hakuna karatasi inayotoka. Kumbe printa za aina hii hazina akili yao wenyewe ndani. Zinasubiri kompyuta iwape kipande cha programu kila zinapowashwa, na kipande hicho ni cha siri ya mtengenezaji, hakiruhusiwi kukaa ndani ya Linux. Ukikipakua kando na kukubali masharti yake, printa inafanya kazi vizuri, na kwangu inafanya kazi mpaka leo. Lakini niliijua sababu saa nne usiku baada ya kusoma sana, na mtu asiye fundi angeirudisha dukani akidai imeharibika.

Sitaki mtu aelewe kwamba Linux ni dhaifu kwenye uchapishaji. Programu inayosimamia printa kwenye Linux, CUPS, ndiyo hiyohiyo inayosimamia printa kwenye Mac. Aliianzisha Michael Sweet miaka ya 1990, Apple wakaichukua kwa Mac OS X mwaka 2002 na baadaye wakanunua haki zake. Printa ya mtandao iliyotengenezwa miaka ya karibuni, yenye Wi-Fi na inayokubali kuprinti kutoka kwenye simu, haihitaji draiva hata kidogo kwenye mifumo hii miwili. Rafiki yangu wa Msamvu ana moja. Niliikuta kwenye orodha ya Mint kabla sijauliza printa yenyewe iko wapi. Tatizo liko kwa printa za USB za bei ya chini, na ndizo tulizonazo wengi.

Printa ya risiti nayo ilinifurahisha. Kwenye Windows nilihangaika na diski ndogo iliyokuja nayo. Kwenye Linux nilifungua terminali, nikapeleka maneno matatu moja kwa moja kwenye /dev/usb/lp0, jina ambalo Linux huipa printa ya USB, na karatasi ikatoka imeandikwa. Hakuna kilichosakinishwa. Printa hizi zinapokea maandishi mepesi, na Linux inakuachia mlango wazi uyapeleke.

Modemu sasa. Hapa mtandao wa nyaya ukikatika, na hukatika, modemu ya 3G ndiyo inayookoa siku, kwa hiyo sikuipima kwa kujifurahisha. Modemu za aina hii zina ujanja wao: ukizichomeka mara ya kwanza zinajifanya diski ya CD. Ndani ya hiyo CD ya kujifanya mna programu ya kusakinisha, na programu ikishaingia inaiambia modemu ijivue sura ya CD iwe modemu. Ni ubunifu mzuri kwa Windows, maana hapo huhitaji kubeba diski. Ila mfumo mwingine ukiona CD unaona CD tu. Nilikaa mbele ya terminali nikachomeka, nikaandika lsusb haraka: namba ya kifaa ikasoma 1446. Nikavuta pumzi, nikaandika tena: 1001. Imebadilika yenyewe. Mint huja na programu ndogo inayoitwa usb_modeswitch ambayo inazijua modemu nyingi za namna hii na kuziambia ziache kujifanya. Baada ya hapo pembeni ya skrini ikatokea alama ya mtandao wa simu, nikachagua Tanzania, nikachagua mtandao wangu, na intaneti ikaingia. Sikusakinisha chochote. Kwenye MacBook ya M1 modemu ilibaki CD. Programu iliyomo ndani yake iliandikwa kwa biti 32, muundo wa zamani wa programu, na macOS iliacha kuendesha programu za biti 32 tangu toleo lake la Catalina la mwaka 2019.

Vidude vya Wi-Fi nilinunua viwili, duka moja, boksi moja, jina moja, bei moja. Deskitopu ya OptiPlex haina Wi-Fi ya ndani, kwa hiyo hivi ndivyo watu wengi hununua. Cha kwanza Mint ilikishika papo hapo. Cha pili hakikuonyesha dalili. Nikaandika lsusb kwa kila kimoja: namba tofauti. Kwa nje ni mapacha, kwa ndani chipu ni mbili tofauti, na mwenye duka hakuwa na habari, wala simlaumu, boksi halisemi. Cha pili kiliwezekana baada ya kupakua msimbo wa draiva na kuukompaili mwenyewe, yaani kuugeuza uwe programu inayoendeshwa, kazi ya nusu saa. Wiki mbili baadaye kiini cha Mint kikasasishwa na Wi-Fi ikapotea tena, nikarudia. Windows ilivishika vyote viwili bila kusuasua. Kwa hili Windows inapata alama zote, na kwa mtu wa deskitopu ninashauri anunue waya wa mtandao kabla ya kidude. Ukikwama kabisa, unganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha kushiriki intaneti. Windows na Linux zote zinaipokea simu ya Android kama kadi ya mtandao. macOS haina draiva ya njia ambayo simu nyingi za Android hutumia, kwa hiyo kwenye Mac tumia hotspoti ya kawaida.

Kuhusu Mac nitakuwa mfupi, kwa sababu swali lake ni fupi. Kile kilichomo ndani ya MacBook Air ya M1 kinafanya kazi kwa kiwango ambacho sijakiona kwenye mashine nyingine yoyote. Unafunika, inalala. Unafunua kesho yake, betri karibu ilivyokuwa. Padi ya kugusia inakusikia kidole. Lakini Apple ndio wenye orodha. MacBook Pro ya 2012 mwisho wake rasmi ni Catalina. Za 2015 mwisho wake ni toleo la Monterey. Na Tahoe iliyotoka 2025 ndiyo ya mwisho kwa mashine zenye prosesa ya Intel. Zenye chipu za M za Apple wenyewe nazo huwezi kuzipigia Windows kwa Boot Camp, programu yao ya kazi hiyo, kama zamani. Ile ya 2012 ya mteja niliiwasha kwa flashi ya Mint: skrini, sauti, kibodi, padi, vyote sawa, Wi-Fi ikahitaji waya kwanza ili ijipakulie kipande chake. Mteja alipokuja kuichukua akaiona inafungua kivinjari kipya kisichokubalika kwenye Catalina, akasema, "Niachie hivyohivyo, dada."

ChromeOS Flex iliingia kwenye EliteBook kwa dakika chache na ilikuwa nyepesi. Ina orodha yake ya mashine zilizothibitishwa. Haina programu za Android, na kisoma vidole cha laptopu hakitumiki. Kwa mtoto wa shule anayehitaji kivinjari inatosha. Kwa meza yangu yenye vifaa tisa haikutosha, nikaitoa siku ya pili.

Yapo mambo ya ndani ya laptopu ambayo watu husahau kuyapima. Kisoma vidole ndicho kilichoniangusha zaidi kwenye Linux: kwenye mashine moja ya mteja kilikuwepo kwa macho lakini kwenye orodha hakikuwa na draiva, na hakuna dalili ya kupata. Kulala ukifunika mfuniko ni la pili. EliteBook na T480 zote zililala na kuamka vizuri na Mint, lakini nimepokea laptopu mpya zaidi ambayo ililala usiku ikaamka betri imeisha. Na kadi za michoro: kijana mmoja anayehariri video za harusi ana mashine yenye kadi ya Nvidia, na aliogopa Linux kwa sababu ya sifa mbaya za zamani. Sifa hizo zina mizizi. Mwaka 2012, akizungumza Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwatolea Nvidia lugha kali mbele ya kamera. Ila mwaka 2022 Nvidia wenyewe walifungua msimbo wa sehemu ya draiva yao inayoingia kwenye kiini, na Mint ina dirisha linalokupa draiva yao kwa kubofya. Mashine ya kijana ilikubali. Amebaki Windows kwa sababu ya programu yake ya kuhariri, na amefanya sahihi.

Huwa nafikiria jinsi mambo yalivyogeuka. Torvalds alipotangaza mfumo wake Agosti 1991 aliandika kwamba huenda usije kamwe kukubali diski zaidi ya za aina ya AT, kwa kuwa ndizo pekee alizokuwa nazo. Mwanafunzi mmoja wa Helsinki, kompyuta moja. Kilichobadilisha ni watu wengine kuleta vifaa vyao na kuandika draiva zake. Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wa kiini cha Linux, alifika mahali pa kutangaza kwamba kampuni yoyote itakayotoa maelezo ya kifaa chake, wao wangeiandikia draiva ya Linux bure. Mimi ninayefanya biashara kwa vifaa vya miaka kumi au ishirini nina deni kwa watu hao, na nalisema kwa moyo wote.

Na hapo ndipo skana ya mjomba inapoingia. CD yake ninayo bado. Draiva iliyomo ni ya Windows XP, ya biti 32. Draiva ya biti 32 haiwezi kuingia ndani ya Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Mtengenezaji hakutoa nyingine. Kwa T480, kwa hiyo, ile skana ilikuwa kifaa kisicho na jina chenye alama ya mshangao ya njano. Ipo programu ya kulipia, VueScan, inayobeba draiva zake yenyewe kwa skana nyingi za zamani na inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Anayetaka kubaki Windows na ana skana nzuri ya zamani ajaribu programu hiyo kabla hajaitupa skana.

Mimi niliichomeka kwenye OptiPlex yenye Mint. Sikuwa na matumaini, nilikuwa namalizia orodha. Nikafungua programu ya kuskani iliyokuja na Mint. Jina la skana likatokea juu, kamili, na namba ya modeli. Nyuma ya kazi hiyo wako watu wa mradi wa SANE, ambao wamekuwa wakiandika draiva za skana tangu miaka ya 1990, na mmoja wao wakati fulani aliketi na skana kama hii akaichunguza mpaka akaielewa. Niliweka kitambulisho changu juu ya kioo, nikabofya. Kwanza ule mlio wa gia, mkavu kidogo kwa kukaa muda mrefu. Kisha mwanga ukaanza kutembea chini ya kioo, polepole, kutoka upande wa bawaba kuja kwangu, na kwenye skrini uso wangu ukajaa mstari kwa mstari. Rangi sawa. Herufi ndogo zinasomeka.

Kwa hiyo meza yangu sasa iko hivi. T480 ina Windows 11 na inashika printa ya wino, kadi za harusi na nyaraka za wateja zinazokuja na mpangilio wa Word usiotakiwa kuyumba hata kidogo. OptiPlex na EliteBook zina Mint, ambayo toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029. Zinashika kuskani, risiti, modemu na fomu za mtandaoni. Ile moja ya Windows 10 inasubiri Oktoba. Alama zangu, kwa duka kama langu: vifaa vipya vya nje ni Windows; vifaa vya zamani na mashine za zamani ni Linux, kwa mbali; vya ndani ya mashine yenyewe ni Mac, mradi umo kwenye orodha ya Apple.

Nikienda kununua mashine ya mtumba sasa nabeba flashi yenye Mint, niliyoitengeneza kwa programu ya Ventoy ili ibebe na mifumo mingine. Namwambia muuzaji, "Kaka, naomba niiwashe kwa flashi yangu, diski yako siigusi." Wengi wanakubali. Inawaka bila kusakinisha chochote, na kwa dakika kumi napima Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya mwanga, nafunika nione inalala na kuamka. Nachomeka na kile kidude cha pili cha Wi-Fi, kile kikaidi, kuona kama kiini kipya kimeshakijua. Bado.

Jumamosi moja ya Desemba mjomba alipita dukani kununua bahasha. Nilikuwa naskania mama mmoja picha ya ndoa ya wazazi wake, na mlio wa gia alikutana nao mlangoni kabla hajaona kitu. Akasimama. "Ile yangu?" Nikamwambia, "Ndiyo, mjomba, yako." Akazunguka kaunta, akaweka kiganja juu ya mfuniko mpaka mwanga ukafika mwisho na kurudi. Kisha akaniambia bahasha nimpe kumi badala ya mbili, anakwenda nyumbani kuchukua picha.